Kila pesa ina jina lake

Maneno yaliyosomwa na timu ya wafanyakazi wanaotembelea vijiji, mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Baraka, Juni 2024

 

Kamati ilituomba tuseme juu ya masomo ya hesabu tuliyofanya mwaka jana. Tulikubali, lakini tuliomba ruhusa ya kuanza na aibu, maana bila aibu ile masomo yenyewe yasingekuwako.

Sisi ni watano. Mmoja alisoma kilimo, mmoja uuguzi, mmoja maendeleo ya vijijini, na wawili walikuwa walimu kabla ya kuingia kazi hii. Wote tuna diplome, wengine lisansi. Tunajua kupima shamba, kuendesha mkutano, kuandika rapoti ya kurasa ishirini. Lakini tulipoletewa karatasi yenye tarakimu, kila mmoja wetu aliangalia pahali pamoja tu: chini kabisa, upande wa kuume, pale panapoandikwa jumla. Tukiona jumla ni kubwa, tunafurahi. Tukiona ni ndogo, tunauliza mfadhili atatuma lini. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu yote ya pesa.

Na tulisema kama wengi wanavyosema: mambo ya hesabu ni ya mhazini. Sisi kazi yetu ni watu.

Ile jioni ya Novemba 2022

Wengi wenu mlikuwa katika mkutano ule. Mama mhazini alisoma salio. Kwenye akonti dola 3,100. Ndani ya sanduku franka 2,400,000, ambazo kwa bei ya siku ile zilikuwa kama dola 1,200. Jumla dola 4,300.

Sisi ndio tuliosimama tukasema: ndugu, makuta iko, tununue mashine ya kusaga mihogo. Bei ilikuwa dola 1,900. Tulipiga hesabu mbele yenu kwa sauti: 4,300 kutoa 1,900, zinabaki 2,400. Watu walipiga makofi. Mama zetu walikuwa wanabeba mihogo mbali sana kwenda kusaga, na hata leo tunasema haja ya mashine ilikuwa ya kweli.

Mtu mmoja tu aliinua mkono. Ni mama mhazini mwenyewe. Alisema hivi, tunakumbuka vizuri: «Makuta hii si yetu yote.» Na mmoja wetu akamjibu: «Mama, acha, salio tumeliona.»

Yule aliyejibu ni mmoja, lakini hatutaki kumtaja, maana sisi wote wengine tulicheka.

Kilichofuata mnakijua. Desemba, wanamemba wa kikundi cha akiba walikuja kugawana akiba yao ya mwaka mzima, dola 1,250. Ilikuwa haki yao, wakalipwa. Kisha mfanyabiashara aliyetukopesha majembe akaja na karatasi yake, dola 350. Akalipwa. Zikabaki 800. Februari ikafika, msimu B, wakati wa kununua mbegu. Mfadhili alikuwa ametuma dola 1,800 kwa ajili ya mbegu tu. Tulikuwa na 800.

Mwezi wa Machi, baba mmoja mwanamemba alikuja na kijana wake anayepaswa kupasuliwa. Hospitali iliomba kilio kidogo cha kwanza kabla ya kumpokea. Kwa sheria ya mfuko wetu wa ugonjwa na msiba, baba yule alikuwa na haki ya dola 120. Hajawahi kukosa kutoa mchango wake hata mwezi mmoja. Tulifungua sanduku mbele yake. Hakukuwa na kitu cha kumpa.

Hakugombana. Alikunja kadi yake, akaiweka mfukoni, akatoka. Aliuza mbuzi wawili na baiskeli. Kijana alipasuliwa, akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini baiskeli ile ndiyo iliyokuwa inabeba samaki kwenda kuuzwa, na mpaka leo baba yule anatembea kwa miguu.

Aliyelipa kosa letu

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuuma zaidi. Watu walipoona sanduku ni tupu, hawakusema «tumekosea hesabu». Walisema: mama mhazini amekula makuta. Kwenye bomba la maji walinyamaza akifika. Watoto wake waliulizwa shuleni kama nyumbani wanakula nyama kila siku. Na sisi, ndugu zetu, hatukumtetea, kwa sababu hata sisi hatukuelewa pesa imeenda wapi. Mtu asiyeelewa hawezi kumtetea mwenzake. Anaweza kumshuku tu.

Siku moja asubuhi mama mhazini alikuja bironi na kitunga kichwani. Ndani yake madaftari yote, risiti zote zimefungwa kwa kamba mwezi kwa mwezi. Akaviweka mezani, akasema: «Someni.» Akakaa kwenye benchi kungoja.

Hatukujua kusoma. Watu wenye lisansi, tulifungua daftari la mama aliyeishia darasa la sita, na hatukujua tuanzie wapi.

Ilibidi tumtafute mzee mmoja aliyefanya kazi ya hesabu miaka mingi, ambaye sasa amestaafu. Alisoma daftari siku mbili. Akatuambia: «Hesabu ya mama huyu ni sawa mpaka franka ya mwisho. Hakuna mwizi hapa. Kuna watu watano wasiojua kusoma salio.»

Maharage 86

Tulimwomba mzee atufundishe. Alikubali, Jumamosi alasiri, majuma manane. Tulikuja na kompyuta, akatuambia tuizime. Alileta sahani nne na maharage. Akasema kila punje ni dola 50. Dola 4,300 ni punje 86. Akatwambia: gaweni.

Sahani ya kwanza, pesa ya mbegu: punje 36, yaani dola 1,800. Sahani ya pili, akiba ya wanamemba: punje 25, yaani 1,250. Sahani ya tatu, deni la majembe: punje 7, yaani 350. Zilibaki punje 18, dola 900, na hizo nazo zina jina: ugonjwa na msiba.

«Sasa nunueni mashine yenu,» akasema. Mashine ni punje 38. Tulimaliza sahani ya nne yote, na bado tulipungukiwa punje 20. Tuliangalia sahani zingine tatu. Hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

Ndugu, ile Novemba tulinyoosha mkono. Tofauti ni kwamba pesa zote zilikuwa kwenye rundo moja, hatukuona tunamnyang'anya nani. Somo la kwanza ni hilo, na kama mtasahau yote mengine leo, shikeni hili: pesa iliyo ndani ya sanduku letu si lazima iwe pesa yetu. Kila pesa ina jina lake. Kabla ya kuuliza «iko ngapi», uliza «ni ya nani».

Mambo mengine tuliyojifunza

Somo la pili lilikuwa la franka na dola. Mwaka 2023 tulianza kurudisha pesa ya mbegu kwa mapato ya mashine. Mama mhazini aliweka franka polepole mpaka zikafika 1,200,000. Sisi kichwani tulikuwa tunahesabu dola 600, kwa sababu tulizoea dola moja ni franka 2,000. Ndivyo bei ilivyozunguka mwaka 2021 na 2022. Siku ya kubadilisha, dola ilikuwa 2,400. Tulipata dola 500. Dola 100 zilitoroka bila mtu yeyote kugusa kufuli. Na mwisho wa mwaka ule dola ilikuwa imepita franka 2,600, hivyo tungengoja tungepoteza zaidi. Sasa tuna kanuni: deni la dola linawekewa dola. Franka tunaweka za kulipia vitu vya franka tu, na kila tunapoandika salio tunaandika bei ya siku hiyo pembeni.

Somo la tatu lilikuwa la mashine kuzeeka. Tulikuwa tunasema mashine inatuletea karibu dola 75 kila mwezi baada ya kulipa mazutu na msagaji. Mzee akauliza: itaishi miaka mingapi? Tukasema labda mitano. Akasema: basi gaweni 1,900 kwa mitano, ni dola 380 kila mwaka, karibu dola 32 kila mwezi. Hizo mashine inazila kimya kimya. Faida yenu si 75, ni 43. Wahasibu wanaita jambo hili uchakavu. Sisi tulikuwa tunafikiri ni neno la vitabuni. Kumbe ni jibu la swali ambalo vijiji vingi vinajiuliza mbele ya mashine iliyokufa: mbona ilifanya kazi miaka yote na hatuna hata pesa ya kununua nyingine?

Somo la nne lilikuwa la bajeti. Zamani tuliandika bajeti kwa ajili ya kupata pesa, tukaifunga kwenye kabati. Sasa tunajua bajeti ni ahadi, na ahadi inaangaliwa kila mwezi. Tunachora safu tatu: tuliyopanga, tuliyotumia, tofauti. Tofauti ikiwa kubwa tunaandika sababu kwa sentensi moja. Ikiwa tunataka kuhamisha pesa kutoka mbegu kwenda majembe, tunamwandikia mfadhili kabla, si baada. Tuliwahi kuogopa kuandika barua kama hizo. Tulipoandika ile ya kwanza, ya kukiri kwamba dola 1,000 za mbegu zimekwenda kwenye mashine, tulifikiri mlango utafungwa. Jibu lilikuja na maswali makali, tuliyastahili, lakini tuliruhusiwa kununua mbegu zilizobaki msimu A, mwezi wa Septemba.

Somo la tano lilikuwa la mikono. Anayekubali pesa itoke, anayeitoa, na anayeiandika wasiwe mtu mmoja. Tulifikiri kanuni hii ni ya kukamata wezi. Mzee alitukatalia. Alisema inamlinda mtu mwaminifu. Mama mhazini alikuwa peke yake na ufunguo, peke yake na daftari. Kwa hiyo alipohitaji shahidi, hakuwa na shahidi hata mmoja. Sisi tuliita hali ile «kumwamini». Kweli yake ni kwamba tulimwacha peke yake.

Elimu hii ilikuwa hapa hapa

Tuseme jambo lingine lililotushangaza. Tulipomaliza majuma yale manane, tulirudi kwenye vikundi vya akiba na kukopeshana ambavyo sisi wenyewe tunavisimamia. Njia hii ya vikundi ilianza Niger mwaka 1991, ikatembea Afrika nzima mpaka kwetu. Mnaijua: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Mwisho wa mkutano salio linatajwa kwa sauti na kila mtu analiweka kichwani. Mkutano unaofuata, kabla ya kufungua sanduku, mwenyekiti anauliza: tuliacha ngapi? Na mama ambaye hajawahi kushika kalamu anajibu bila kukosea.

Tulikuwa tumewafundisha mama hao kanuni hiyo, halafu sisi wenyewe kwenye pesa kubwa ya shirika hatukuifuata.

Na zaidi ya hapo. Wengi wenu mlikaa Nyarugusu, wengine Lugufu mpaka ilipofungwa, kabla ya kuvuka ziwa kurudi nyumbani. Mnakumbuka siku ya posho. Unga ukifika nyumbani, mama hakuuangalia akasema «tuna unga mwingi». Aliugawa: huu wa kula mpaka posho nyingine, huu wa kumlipa jirani aliyetukopesha, huu kidogo wa kuuza tupate sabuni. Alijua kila kikombe ni cha siku gani. Huyo alikuwa anafanya bajeti, anatenga madeni, anaweka akiba. Hakuwa na maneno ya Kifaransa ya kuyaita mambo hayo. Sisi tuliyajua maneno, lakini unga hatukuugawa.

Kwa hiyo tunapowaambia mwanamemba yeyote anaweza kusoma hesabu ya shirika, hatuwabembelezi. Tuliyojifunza hayazidi maneno kumi: mapato, matumizi, salio, mali, deni, akiba, bajeti, tofauti, uchakavu, na bei ya siku. Hakuna kuzidisha wala kugawanya kuliko kile watoto wenu wanachofanya shuleni.

Na kuna sababu nyingine ya kutongoja. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na tangu tarehe 1 Januari 2024 kuna mfumo wa hesabu uliotungwa kwa ajili ya mashirika yasiyotafuta faida, unaitwa SYCEBNL. Una njia nyepesi kwa mashirika madogo, ambayo msingi wake ni kuandika vizuri pesa inayoingia na inayotoka. Zamani tungeweza kusema mambo hayo ni ya miji mikubwa. Sasa shirika lisilojua kuonyesha hesabu yake litajifunga mlango lenyewe.

Hali ilivyo leo

Wafadhili na wanamemba wana haki ya kujua tumefika wapi. Deni la mbegu la dola 1,000 lilimalizika Septemba 2023: dola 500 kutoka mashine, dola 250 kutoka mchango wenu wa pekee, na dola 250 kutoka mifuko yetu sisi watano, 50 kila mmoja. Mfuko wa ugonjwa na msiba, uliopaswa kuwa na 900, leo una 640. Zinakosekana 260. Baba yule alirudishiwa dola zake 120 Novemba iliyopita. Baiskeli bado hana, na hilo haliko katika daftari lolote, lakini tunalihesabu.

Mashine inafanya kazi. Dola 32 zinatengwa kila mwezi. Sanduku lina kufuli tatu. Kila tarehe 5 daftari linalinganishwa na karatasi ya akonti, na watu wawili wanatia sahihi. Ukutani pa biro pana ubao wenye sahani nne zilizochorwa kwa chaki, na ndani ya kila sahani tarakimu yake. Mtu yeyote anaweza kuingia kusoma, hata asiye na la kuuliza.

Tunawaomba mambo mawili. La kwanza, kila mtaa uchague watu wawili, mmoja awe mama, wa kuja Jumamosi kujifunza. Mzee amekubali kuanza tena Julai. Maharage tunayo. La pili, siku nyingine tukisimama hapa tukasema «makuta iko», msipige makofi. Tuulizeni ni ya nani.

Na neno la mwisho si lenu, ni la mtu mmoja aliyekaa pale kwenye safu ya pili. Mama mhazini, ulituambia ukweli mbele ya watu wote, tukacheka mbele ya watu wote. Kwa hiyo na msamaha tunauomba hapa hapa, mbele ya watu hao hao. Jina lako lilikuwa safi tangu siku ya kwanza. Ni sisi tuliokuwa hatujui kusoma.

Tusamehe, mama.